Canter inayogonga asubuhi na mlimani: kabla hujashusha injini

"Shikamoo fundi. Nina Canter ya zamani yenye injini ya 4D33. Nashusha nyanya kutoka Ilula kwenda Dar, na narudi na mbolea au saruji. Tangu mwezi wa sita, nikiwasha asubuhi inagonga ko-ko-ko na kutoa moshi mweupe unaowasha macho. Ikishapata moto mlio unapungua, lakini nikianza kupanda mlima Kitonga na mzigo, mlio unarudi. Taa ya oili haijawahi kuwaka njiani. Fundi wa kwanza kasema krenki imekwisha, tushushe injini. Wa pili karekebisha tapeti, hakuna kilichobadilika. Wa tatu kaniambia nitie oili nzito niendelee na kazi. Pampu ya dizeli ilishushwa mwezi wa tano kwa sababu ilikuwa inavuja, ikarudishwa na gari likawaka vizuri tu. Sina hela ya kubahatisha. Nianzie wapi?"

Marahaba, kijana. Hofu yako naielewa: mafundi watatu, majibu matatu, na gari ndilo linalolisha nyumba. Nikikwambia kutoka huku niliko kwamba najua kinachogonga, nitakuwa fundi wa nne wa kubahatisha. Ninachoweza kukupa ni mpangilio wa vipimo, tena vingi ni vya bure, ambavyo vitamtoa mmoja baada ya mwingine kwenye orodha ya washukiwa. Injini hushushwa mwisho, na hushushwa ukiwa tayari unajua unachokwenda kukikuta.

Nianze na jambo ulilolitaja kama la kupita tu. Pampu ilishushwa mwezi wa tano, mlio ukaanza mwezi wa sita. Huenda havihusiani, kwa sababu mwezi wa sita ndio baridi ya Iringa inaanza kuuma na baridi peke yake hufichua mengi kwenye dizeli ya zamani. Lakini hakuna fundi kati ya hao watatu aliyekuuliza kazi ya mwisho iliyofanyika kwenye hiyo injini ilikuwa ipi, na hilo ndilo swali la kwanza kabla ya kushika spana. "Gari likawaka vizuri tu" si ushahidi kwamba pampu ilirudishwa kwenye alama zake. 4D33 ni injini mvumilivu. Itawaka hata taiming, yaani wakati wa pampu kupuliza dizeli, ikiwa imekwenda pembeni kidogo, kisha itakulalamikia kwa namna nyingine.

Sasa tuelewe mlio wenyewe. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto kama ya petroli. Pistoni inaikandamiza hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 500, halafu nozeli inapuliza dizeli ndani ya hewa hiyo. Dizeli haishiki moto papo hapo. Kuna kipindi kifupi mno cha kusubiri, chembe zake zikipata joto na kugeuka mvuke, na muda wote huo nozeli inaendelea kupuliza. Moto unaposhika, yote iliyokwisha kuingia huwaka kwa mkupuo, presha hupanda ghafla, na bloku zima hulia. Huo ndio mlio wa kawaida wa dizeli. Kusubiri kukiwa kurefu, dizeli iliyolundikana huwa nyingi zaidi na kishindo huwa kikubwa: ko-ko-ko.

Vitu vinavyorefusha kusubiri huko vinajulikana. Baridi ni kimoja, na wewe unawashia gari nyanda za juu ambako hewa ni baridi na pia nyepesi kuliko ya Dar. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza ukungu ni kingine, kwa sababu tone kubwa huchelewa kushika moto. Pampu inayopuliza mapema mno, hewa ikiwa bado haijapata joto la kutosha, huleta kishindo kilekile. Kompresheni iliyopungua, yaani pistoni kutoikandamiza hewa vya kutosha, hivyo hivyo. Na mafuta mabaya. EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa umekithiri, na kama una tabia ya kununua dizeli ya madumu barabarani, acha kwanza hiyo kabla hatujaendelea. Mafuta ya taa hayalainishi pampu wala nozeli, yanazila polepole.

Ndiyo maana moshi wako mweupe una thamani kubwa kwangu. Moshi mweupe unaowasha macho ni dizeli iliyopita bila kuungua. Krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikichoka haiwezi kutoa moshi huo, hata igonge vipi. Lakini hakikisha ni dizeli kweli. Kama maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja mahali unapopaona, au mvuke huo hauwashi macho na unaendelea hata injini ikiwa moto, basi huenda maji yanaingia kwenye silinda na tunazungumzia gasketi ya hedi, habari nyingine kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, si vinginevyo, uangalie kiwango kwa siku kadhaa.

Hata hivyo sitaki umdharau fundi wa kwanza. Beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zilizolika nazo zinaweza kufanya karibu hayo hayo unayoyaeleza: zinagonga kidogo asubuhi kabla oili haijafika, zinatulia, kisha zinalia tena mlimani oili ikiwa imepata moto na kuwa nyepesi, na pistoni inasukuma kwa nguvu. Kitonga na tani za saruji ni mahali hasa ambapo beringi mbovu hujitangaza. Kwa hiyo kuna kesi mbili mezani, ya mafuta na ya beringi. Moshi unaegemea ya kwanza. Mlima hauegemei popote.

Anza na oili, kwa sababu ukikuta jibu baya hapo huna haja ya kuendelea. Imwage ikiwa ya vuguvugu kwenye beseni safi, kupitia kitambaa cheupe. Kipeleke kitambaa juani na ukigeuzegeuze. Oili ya dizeli ni nyeusi, hiyo isikutishe. Unachotafuta ni kumetameta. Beringi za konrodi zimejengwa kwa tabaka: mgongo wa chuma, katikati madini yenye shaba, juu yake utandu mwembamba wa kijivu. Vumbi laini la kijivu kidogo si ajabu kwa injini ya umri huo. Ukiona vipande vinavyong'aa, au rangi ya shaba, ina maana tabaka la juu limeshaliwa na krenki inasugua la katikati. Sumaku itakusaidia kutenganisha: chembe za chuma itazivuta, za beringi haitazivuta. Kata na filta ya oili, ukunjue karatasi yake, utazame kati ya mikunjo. Huko ndiko chembe hujificha. Wengi humwaga oili bila kuitazama, wakakimbilia kulipa mtu awasikilizie injini.

Na usiiamini sana ile taa. Swichi yake huwasha taa presha inapokuwa imeshuka mno, karibu na sifuri. Kati ya presha nzuri na taa kuwaka kuna nafasi kubwa ambayo injini inaumia kimyakimya. Mwambie fundi aifungue swichi hiyo na kufunga geji ya kupimia presha mahali pake, kisha apime injini ikiwa baridi, halafu ikiwa moto kweli, kwenye sailensa (bila kukanyaga mafuta) na kwenye resi. Kama presha ni nzuri baridi na inaporomoka ikipata moto, kesi ya beringi imepata nguvu. Ikibaki imesimama, imedhoofika.

Oili ikiwa safi, njoo kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Kifanye asubuhi, injini ikiwa baridi na ikigonga. Inamisha kabini na uhakikishe ile nguzo ya kuishikilia imejifunga kwenye loki yake. Kabini ikidondoka haina msamaha. Washa injini, iache kwenye sailensa. Chukua spana ya 17 au 19 kulingana na nati zako, funika nati ya paipu ya nozeli namba moja kwa kitambaa kinene, na uilegeze nusu mzunguko tu. Dizeli itatoka pale badala ya kuingia kwenye silinda, na silinda hiyo itakuwa imezimwa. Sikiliza. Kaza. Nenda namba mbili, tatu, nne. Usiweke kiganja wala kidole mbele ya paipu inayovuja. Nozeli za injini hizi hufunguka kwa presha ya takriban bar 200, na mchirizi mwembamba wa presha hiyo hupenya ngozi. Ikikutokea, hata tundu likionekana dogo kama la sindano na halikuumi, nenda hospitali saa hiyo hiyo na uwaambie ni dizeli ya presha, kwa sababu kidole kinaweza kuoza kutoka ndani. Na kipimo hiki ni cha injini za pampu ya zamani pekee. Kwa magari mapya ya komoni reli, ambayo nozeli zake huendeshwa kwa umeme, presha inaweza kupita bar 1,000. Huko nati haiguswi injini ikiwa inawaka.

Utakayoyasikia yana maana tofauti. Kama umelegeza zote nne moja moja na mlio haukubadilika hata kidogo, basi haukutokana na moto wa ndani ya silinda, na yaelekea hata beringi za konrodi hazina kosa. Kama kila silinda unayozima inapunguza kidogo na hakuna iliyo mbaya kuliko wenzake, kosa ni la wote: taiming ya pampu, au mafuta. Kama mlio unakufa ukizima moja tu, tuseme namba tatu, umempata mhusika, au angalau chumba anachoishi.

Hapo ndipo mafundi wengi wanateleza. Wanasema, "Nimelegeza namba tatu mlio umekwisha, kwa hiyo ni beringi ya namba tatu." Hapana. Ukiondoa moto kwenye silinda unaondoa kishindo cha nozeli mbovu, lakini pia unaondoa nguvu inayoigonga konrodi kwenye krenki. Vyote viwili vitanyamaza. Kipimo hicho kinakupa namba ya silinda, hakikupi jina la ugonjwa.

Jina unalipata kwa kuhamisha nozeli. Toa ya namba tatu uipeleke namba moja, ya moja iende tatu. Safisha makalio yake vizuri na uweke washa (pete za kuzibia) mpya za shaba. Washa ya zamani ikirudishwa, au mbili zikibandikwa juu ya nyingine bila mtu kujua, gesi huvuja pembeni ya nozeli na kutoa mlio wake wenyewe wa chaf-chaf, ukaishia kutafuta kosa jipya ulilolitengeneza mwenyewe. Toa upepo kwenye paipu, acha injini ipoe mpaka kesho yake asubuhi, kisha rudia kipimo. Mlio ukihamia namba moja, nozeli ndiyo. Ukibaki namba tatu, nozeli haina hatia. Pima kompresheni ya silinda hiyo na uanze kuitazama konrodi kwa jicho kali.

Kama ni nozeli, usinunue moja ya mtaani na kuichomeka. Peleka zote nne kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, na usimame pale uone. Nozeli nzima hupuliza ukungu laini na kukata ghafla, ncha ikabaki kavu. Mbovu hutoa mchirizi, au hubaki na tone linaloning'inia mwishoni. Tone hilo ndilo moshi wako wa asubuhi. Pia usiendelee kuendesha miezi ukisema ni nozeli tu: dizeli inayomwagika bila kuwa ukungu huosha oili ukutani mwa silinda, na ikielekezwa mahali pamoja inaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Kazi ndogo inageuka ile ovaholi uliyokuwa unaikimbia.

Kama kosa ni la silinda zote, rudi kwa yule aliyeshusha pampu. Mweleze kwa upole, maana mtu akianza kwa lawama fundi hujifunga. Muombe akuonyeshe alama ya pampu na alama ya kwenye kasha la gia zikiwa zinatazamana, silinda namba moja ikiwa kwenye taiming yake. Pampu yenyewe huzungushwa kidogo kwenye boliti zake kurekebisha, na mzunguko mdogo tu hapo unasikika. Ikivutwa mbele, gari linakuwa na mlio mkali na kavu, na baadhi ya madereva hulifurahia kwa sababu linaonekana jepesi. Ikirudishwa nyuma mno, mlio unakuwa laini lakini moshi mweupe unazidi, nguvu inapungua na injini inachemka mlimani. Wewe una mlio na una moshi kwa pamoja, na ndiyo maana naitazama nozeli kwanza na taiming pili, ingawa kuangalia alama ni kazi ya muda mfupi na ningeifanya siku ileile.

Tapeti, zile za kufungua valvu, nitazipitia haraka. Nafasi yake kwa injini hii ni milimita 0.4 ikiwa baridi, na mlio wake ni mwepesi, tik-tik ya juu kwenye kava. Haitoi moshi, haingoji Kitonga. Fundi wako wa pili hakukosea kuanza na cha bei nafuu, ila alikuwa anatibu mlio ambao hukuueleza.

Ikiwa kulegeza nati hakukubadilisha chochote, bado kuna washukiwa wa nje, na wako wengi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Canter ile pampu ya vakyumu ya breki imekaa nyuma ya alternata, na ikichoka hugonga mpaka mtu akaapa ni krenki. Zima injini, toa mkanda, washa kwa muda usiofika dakika moja, usikilize, zima. Pampu ya maji nayo itakuwa imesimama, kwa hiyo usizembee, na usithubutu kutoa gari barabarani namna hiyo kwa sababu breki hazitakuwa na msaada. Kanyaga klachi pia: mlio ukibadilika, tazama beringi ya klachi na giaboksi. Eksozi manifoldi yenye ufa hugonga asubuhi na kunyamaza chuma kikitanuka. Utaona masizi meusi mahali inapovuja. Hata kipepeo cha eksozi breki kikilegea hucheza na kutoa mlio wa ajabu. Kipande cha nondo au bisibisi ndefu, ncha moja kwenye chuma na mpini sikioni, kitakusaidia kukaribia, mradi uko mbali na feni na huna nguo inayoning'inia. Lakini kisikupe uhakika wa kupita kiasi. Chuma husafirisha sauti, na nimewahi kusikia pampu ya vakyumu "ikigonga" ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Ushauri wa oili nzito ukatae. Oili nzito huweka utandu mnene kati ya beringi na krenki, mlio unapungua, na ndiyo hila ya zamani ya wauza magari. Asubuhi ya baridi oili hiyo inachelewa kupanda, sehemu za juu zinasaga zikiwa kavu, na wewe umejinyima ishara ya pekee uliyokuwa nayo. Tia 15W-40 ya dizeli inayoaminika, kiwango sahihi, basi.

Sasa tuseme vipimo vyote vimeelekea kwenye konrodi. Hata hapo, mwambie fundi kwamba kushusha injini nzima si lazima iwe hatua ya kwanza. Mara nyingi sampu inaweza kutolewa injini ikiwa mahali pake, kofia ya konrodi inayoshukiwa ikafunguliwa, na beringi zikaonekana kwa macho. Pitisha ukucha juu ya krenki pale beringi inapokaa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, krenki inahitaji kuchongwa, na hapo injini itashuka kweli. Ikiwa laini, ipimwe kwa maikromita ijulikane kama bado ni duara. Kuvisha beringi mpya kwenye krenki iliyokwisha kuwa yai ni kununua kimya cha wiki chache. Na kama itachongwa, beringi zinunuliwe baada ya kujua saizi iliyotoka mashineni, milimita 0.25 au 0.50, si kabla.

Kuna hali ambazo hutakiwi kupima chochote wala kusubiri jibu langu. Taa ya oili ikiwaka njiani na mlio. Kishindo kizito cha chini kinachoongezeka kila safari. Kumetameta kwenye kitambaa. Mlio mpya wa ghafla wa chuma kwa chuma. Hapo zima, uvutwe. Usiseme nitapanda Kitonga polepole nifike nyumbani. Konrodi ikikatika hutokea ubavuni mwa bloku, na bloku lililotoboka halichongwi. Zaidi ya gharama, lori lililokufa ghafla kwenye ile kona likiwa na mzigo, breki zikibaki na akiba ndogo ya vakyumu, linaweza kuua watu.

Kwa wiki hii, kama oili iko safi na presha imesimama, unaweza kushusha nyanya kwa mzigo mwepesi, ila mbolea na saruji ziache Dar mpaka nozeli zipimwe. Ukishalegeza zile nati, niandikie mambo matatu: ni namba ngapi iliyobadilisha mlio, uliifanya injini ikiwa baridi au moto, na kama kuna silinda uliyoizima gari lisitetereke hata kidogo. Hiyo ya mwisho nitaitaka hata kama mlio wenyewe umeshapona, kwa sababu silinda isiyokosekana ikizimwa ni silinda ambayo haifanyi kazi, na utakuwa umeibeba bure kupanda na kushuka muda wote huu.